Mguu wa Kushoto wa Sele Kitunguu

Ngumi ya kwanza ilimkuta Sikudhani Shemboza akiwa bado anatafuta pa kuweka miwani yake. Ilikuwa ya baridi, ya mbavuni, nyepesi kama mtu anayebisha hodi kwa jirani asiyemzoea. Akaketi haraka na kufunga mikanda ya fulana kifuani, akaivuta soksi ya kushoto iliyokunjamana kisiginoni, na kabla hajakaa sawa zikaja mbili za moto, moja shavuni, nyingine kidevuni. Refa wa leo alikuwa mtu wa haraka. Alikwishapigisha kengele bila kujali kama majaji wamejiandaa, maana kwenye pambano lolote refa ndiye mtu pekee asiyepigwa.

Kibanda hakikuwa na dirisha. Ndani mlikuwa na kiti, feni, chupa ya maji na kidude cha vitufe cha kuandikia alama. Nje, ndani ya lile ghala la zamani la katani walilolifanya ukumbi, watu wa Tanga walikuwa wamejaa mpaka kwenye ngazi, wakiona kila kitu. Majaji watatu, wenye kazi ya kuamua nani kashinda, hawakuona kitu. Kamati ya Ulingo ilikuwa imewatoa macho, kwa maneno ya Sikudhani mwenyewe, tangu mwaka ule ambao majaji watatu wenye macho mazima waliandika matokeo matatu tofauti katika raundi moja. Jicho lina upendeleo. Humpenda anayesonga mbele hata kama anasonga kwenda kupigwa, na ukumbi ukiguna, huiona ngumi iliyopita hewani.

Siku hizi bondia hupakwa rangi ya mguso mara baada ya kupimwa uzito, kuanzia paji la uso mpaka kwenye nyayo. Kila konde linalotua juu ya rangi hiyo huruka mpaka kwenye fulana, kofia na soksi za jaji. Makonde aliyopigwa wa kona nyekundu huja na joto, aliyopigwa wa kona ya bluu huja na baridi. Kamati inasema kinachomfikia jaji ni sehemu ndogo tu ya uzito wa konde, ni kama kuumwa na mbu. Kamati haijawahi kukaa kibandani raundi kumi.

Nyekundu leo alikuwa Selemani Ndaro, mtoto wa Makorora, ambaye mji mzima unamwita Kitunguu kwa sababu aliokutana nao wengi walitoka ulingoni na machozi. Bluu alikuwa Msafiri Gombanila wa Morogoro, kijana, mrefu, mwenye mkono wa kulia uliokuja kibandani kama ndoo ya maji yaliyochemka. Atakayeshinda angekwenda Lusaka kupigania mkanda wa bara la Afrika. Huko kulikuwa na bingwa ambaye wapinzani wake wa karibuni wote walitoka kwa machela.

Sikudhani alijua yote hayo, akayaweka kando. Akafumba macho, akapigwa.

Raundi ya tatu ilikuwa ya kubanana. Moto na baridi vilipishana sawasawa, na kengele ilipolia akabaki amekaa, kidole kikielea juu ya vitufe. Kuna swali ambalo majaji hufundishwa siku ya kwanza, na mpaka wanastaafu hawapati jingine lililo bora: kama ungelazimishwa kupigwa upya alizopigwa mmoja wao, ungechagua za nani? Huyo unayemchagua ndiye aliyeshinda raundi. Kumi kwa kumi inaruhusiwa, ila Kamati huiita uvivu, na jaji anayeiandika mara kwa mara hapewi tena mapambano. Sikudhani akajisikiliza mbavu. Za moto zilikuwa nyingi, lakini hazikubakia. Ile moja ya baridi chini ya kifua bado ilikuwa inamkaba pumzi. Angechagua za moto. Kumi kwa tisa, Kitunguu.

Alikuwa amechoka hata kabla ya hapo. Alichoka tangu asubuhi, alipoamka na mabega ya mtu aliyelala juu ya mawe. Ukweli ni kwamba alichoka tangu miaka mingi, uchovu ambao hauna jina hospitalini, kwa sababu fulana haiachi alama. Daktari akikuvua anaona ngozi safi, anakupa vidonge vya maumivu na kukushauri upunguze chumvi.

Raundi ya nne ikiwa katikati, soksi yake ya kushoto ikapoa.

Soksi ziliongezwa baadaye, watu walipogombana sana kuhusu nani kaangushwa na nani kateleza. Kupitia soksi jaji husikia namna bondia anavyokanyaga, na hapo hujua kama kilichomlaza ni konde au ni jasho lililomwagika sakafuni. Mguu wa Kitunguu ulikuwa umekaa ndani ya soksi ile tangu mwanzo, joto tulivu la mtu anayejua anaposimama. Ghafla joto likaondoka. Halikupungua polepole, liliondoka lote, kuanzia vidole mpaka gotini, kwa muda wa pumzi moja. Kisha likarudi.

"Betri," Sikudhani akasema peke yake.

Lakini baridi ya Gombanila, iliyokuwa ndani ya soksi ileile, haikukatika hata kidogo.

*

Katika mapumziko alikunywa maji na kujaribu kuwaza kitu kingine. Hakuweza.

Mguu wa namna ile aliwahi kuusikia mara moja tu, kwa Mashaka Chidawali wa Dodoma. Mashaka alishinda siku ile. Akaenda kupigana tena, na katika raundi ya mapema kabisa akalazwa na konde ambalo hata halikuwa zito, na hakuamka. Kitu kilikuwa kimeharibika kichwani kwake tangu zamani, na mguu ndio uliokuwa wa kwanza kutoa habari.

Mtu wa nje angeuliza: si utoke tu kibandani ukamwambie daktari? Daktari yupo, amekaa kando ya ulingo na mkoba wake. Mtu wa nje hakuwapo msimu ule mabondia walipogoma. Jaji mmoja alikuwa amemnong'oneza mwandaaji wa mapambano kwamba ini la bondia fulani limekwisha, na ndani ya wiki bondia yule hakuwa na pambano, hakuwa na mdhamini, hakuwa na hata mtu wa kumsalimia. Ini lake lilikuwa zima. Jaji alikosea. Mabondia wakashuka ulingoni nchi nzima, wakakaa chini mlangoni mwa Kamati. Sikudhani, enzi hizo bondia wa uzito wa unyoya na meno yote kinywani, alikaa nao, akapiga kelele nao: mwili nimekuazima uhesabu ngumi, sikukuuzia!

Walishinda. Ndipo kikaja kiapo. Kinachosikika kwenye fulana hubaki kwenye fulana. Jaji akisema, anafungiwa, na alichosema hakitumiki. Daktari haruhusiwi kukichukulia hatua hata akikisikia kwa masikio yake. Rekodi ya mwili wa bondia hufungwa, na hufunguliwa kwa njia mbili tu: mwenye mwili akitaka mwenyewe, au jaji akikiri kwamba aliandika kinyume na alichosikia. Hiyo ya pili iliwekwa kwa ajili ya majaji waliohongwa wakapatwa na toba. Hakuna aliyewahi kuitumia, maana wanaohongwa ni wengi na wanaotubu ni wachache.

Sikudhani alikipenda kiapo kile, na bado alikiamini. Hilo ndilo lililomchosha zaidi.

Joto likakatika tena raundi ya saba, safari hii kwa muda mrefu zaidi. Kitunguu, fundi kweli, akajiegemeza kwenye kamba akajifanya anampumzisha mpinzani, na ukumbi ukamshangilia kwa ujanja wake. Kelele zilipenya mpaka kibandani. "Kitunguu! Kitunguu!" Sikudhani peke yake, pengine na wenzake wawili kwenye vibanda vyao, alijua kwamba mwenye kushangiliwa alikuwa amesimama kwa mguu mmoja.

Mwisho wa raundi ya tisa alikuwa na Kitunguu mbele kwa pointi moja: themanini na sita kwa themanini na tano.

*

Raundi ya kumi Kitunguu aliicheza kama mtu anayefunga duka lake mwenyewe. Hakuacha kitu nje. Baridi zilimjia Sikudhani mfululizo, mbavu, kidevu, mbavu, na za moto zilikuwa chache na za kubahatisha. Raundi ilikuwa ya Kitunguu bila ubishi. Hapakuwa na la kujiuliza.

Kengele ikiwa karibu, soksi ya kushoto ikazima.

Sikudhani alishika mikono ya kiti. Alisikia goti la Kitunguu likiita na mguu hauitiki. Alisikia uzito wote ukimwagikia upande wa kushoto, mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kuupokea. Alisikia mwili unashuka. Na hapo tu, wakati mwili uko njiani kwenda chini, konde la Gombanila likafika, moto wa juujuu tu kwenye utosi, wa mtu aliyerusha akakuta shabaha imeshaondoka. Kisha sakafu.

Nje ukumbi ulilia kwa sauti moja. Refa, mwenye macho, aliona konde na aliona mtu chini, akaanza kuhesabu. Kwenye tano joto likarudi mguuni. Kwenye nane Kitunguu alikuwa amesimama, glovu juu, akimwambia refa kwamba yuko sawa. Wakapigana mpaka kengele.

Kidude cha vitufe kikawaka maneno mawili. NGUMI. UTELEZI.

Hesabu ya refa ni ya muda tu. Wanaoamua ni majaji, kila mmoja kibandani kwake, bila kusemezana. Ukweli ulikuwa mwepesi kuliko raundi zote za siku ile. Haikuwa ngumi. Akibonyeza utelezi, raundi ni ya Kitunguu, tisini na sita kwa tisini na nne, na Kitunguu anakwenda Lusaka na mguu ule.

Akibonyeza ngumi, anaweza kumwonea huruma nusu, kwa sababu aliyeangushwa akiwa ametawala raundi nzima huruhusiwa kunyang'anywa pointi moja tu. Hapo wangetoka sare. Sare maana yake marudiano, miezi michache tu. Ikiwa ni kumzuia, ni kumzuia mzimamzima: kumi kwa nane kwa Gombanila, kama kwamba kijana yule alimlaza mtu kwa mkono wake. Tisini na tano kwa tisini na nne. Kushindwa kwa pointi moja.

Feni ilizunguka. Sikudhani alikaa akitazama vile vitufe, jasho limemlowesha mgongo, mbavu zinamuuma pande zote mbili, na akaona uchungu, uchungu hasa, si wa makonde. Katika kazi yake yote hakuwahi kuandika asichosikia. Waliwahi kumtumia watu, waliwahi kumtumia maneno matamu, na mara moja mbuzi mzima aliyefungwa mlangoni, ambaye alimrudisha kwa kumburuta mitaa mitatu huku watu wakicheka. Jina lake lilikuwa safi. Ndicho kitu pekee alichokipata kwenye ngumi, maana mkanda hakuupata.

Akamkumbuka Mashaka Chidawali.

"Nisamehe, Sele," akasema, na akabonyeza NGUMI, halafu nane.

*

Majaji wakitoka vibandani husimama kando ya ulingo kwa safu, wamevua kofia, wamebaki na fulana. Ni desturi waliyoianzisha mabondia wenyewe baada ya mgomo. Dastani Mwakalobo, askari mstaafu wa Mbeya, alitoka akijishika kiuno. Fabiola Rweyongeza, mdogo wao, alikuwa na macho mekundu. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Mshereheshaji akasoma. Rweyongeza, tisini na sita kwa tisini na nne, kona nyekundu! Ukumbi ukanyanyuka. Mwakalobo, tisini na tano kwa tisini na nne, kona ya bluu. Ukumbi ukakaa. Shemboza, tisini na tano kwa tisini na nne...

Aliposema bluu, Sikudhani hakusikia tena kitu ila kelele za kuzomea. Chupa ya plastiki ikatua karibu na miguu yake. Gombanila mwenyewe, mkono umenyanyuliwa, alikuwa na sura ya mtu aliyepewa mzigo wa mwenzake kituoni.

Kisha mabondia wakashuka kutoa pole. Hiyo nayo ni desturi: jaji naye kapigwa, basi bondia humshika mkono na kumpa pole, na jaji hujibu kwamba tumepigwa wote. Watu walikuwa wameshaanza kutoka kwa hasira. Kitunguu akamfikia, jicho moja limefunga, bandeji bado mkononi.

"Pole, mama."

"Tumepigwa wote, mwanangu."

Kitunguu hakuuachia mkono. Akasogea karibu, akapunguza sauti.

"Ile haikuwa ngumi, Bi Siku."

"Sele, unajua siruhusiwi."

"Najua. Usiseme kitu. Kama ilikuwa ngumi, nikazie mkono tu, nami nitakwenda zangu nikalale."

Sikudhani alitaka kuukaza. Aliukusudia kabisa. Vidole vyake vilikuwa vimelala ndani ya kiganja kile kikubwa chenye joto na havikumtii. Kitunguu akasubiri, kisha akatikisa kichwa polepole.

"Refa namsamehe, yule ana macho. Wewe ulikuwa ndani kwangu, mama. Miaka yote najipaka lile rangi lao linalowasha kwa sababu nilijua mle ndani umo wewe. Nilikuwa nawaambia vijana, mkipangiwa Bi Siku mshukuruni Mungu, yule hanunuliki. Nani kakununua?"

"Hakuna."

"Wallahi?"

"Wallahi, Sele, hakuna."

Akamtazama muda mrefu kwa lile jicho moja. Kisha akacheka kidogo, kicheko cha kuchoka.

"Ah. Ni mguu."

Sikudhani akainamisha macho kwenye mguu ule.

"Unanifanya hivyo tangu Ramadhani," Kitunguu akasema. "Asubuhi mzima kabisa, daktari ananipima napita. Nikichoka ndio unakatika, kama umeme wa Chumbageni. Unarudi lakini. Mpaka leo umekuwa ukirudi."

"Basi kata rufaa, mwanangu. Omba wafungue rekodi yako. Utapewa ushindi wako, nami nitaondoka kwenye kazi hii, ni haki."

"Wakifungua si wataona mguu? Wananifungia siku hiyohiyo." Akamsogelea zaidi. "Sikati rufaa, mama. Kuna pambano Moshi mwezi ujao, nimeshaitwa. Nikishinda lile wananirudisha kwenye foleni ya Lusaka."

"Sele, acha. Nakuomba kama mwanangu. Acha sasa."

"Niache nikiwa nimepigwa na Gombanila? Wewe ulikuwa bondia. Ungeacha hapo?"

Asingeacha. Alilijua hilo kama anavyolijua jina la mama yake. Alidhani amemfungia mtu mlango, kumbe amemwashia moto. Kitunguu mshindi angeweza, kwa bahati, kumsikiliza mke, au kocha, au mguu wenyewe. Kitunguu aliyeshindwa kwa pointi moja, tena ya dhuluma, angepigana Moshi, angepigana popote, mpaka apate mahali pa kusimama akiwa mshindi au aache kabisa kupumua.

"Ungeshinda leo ungeacha?" akamuuliza.

Kitunguu akafikiri kwa uaminifu, na hilo lilimuumiza Sikudhani kuliko yote.

"Labda," akasema. "Labda ningekwenda Lusaka. Nisikudanganye, ningekwenda. Lakini mguu ni wangu, mama, na kwenda ni kwangu. Mlikaa chini mlangoni mwa Kamati kwa ajili ya hilo. Marehemu baba alikuwepo, alinisimulia."

Akamwachia mkono, akaenda kumpa pole Fabiola.

*

Meza ya Kamati ilikuwa chini ya ngazi za kaskazini. Sikudhani aliiendea polepole, kwa sababu hakuwa na mwendo mwingine uliobaki. Mwakalobo akamfuata, akamshika kiwiko.

"Bi Siku. Unakwenda wapi?"

"Mezani."

"Waache bwana. Limekwisha. Mimi leo soksi yangu ya kushoto ilikuwa mbovu, sikusikia kitu. Nawe sema hivyo."

Alimtazama yule mzee wa Mbeya, macho yake yakikwepa huku na huku, na akaelewa kwamba soksi yake haikuwa na ubovu wowote. Alisikia alichosikia, akafanya alichofanya, na sasa alitaka kwenda kulala. Sikudhani hakumlaumu. Angependa na yeye kulala.

"Kapumzike, Mzee Dastani. Hili ni langu."

Mwenyekiti wa Kamati alikuwa anakunja suti yake mkononi kwa joto. Alimwona Sikudhani akatabasamu tabasamu la kumaliza kazi.

"Bi Siku! Pole sana. Wale wahuni na chupa zao..."

"Mwenyekiti, najikatia rufaa."

"Unasemaje?"

"Raundi ya kumi niliandika kinyume na nilichosikia. Haikuwa ngumi. Fungueni rekodi."

Tabasamu likamtoka. Akamvuta kando, akamwambia kwa upole kwamba amechoka, aende nyumbani, kesho watazungumza. Akamkumbusha kwamba ni kufungiwa maisha, kwamba jina lake litatajwa pamoja na majina ya wala rushwa, kwamba hakuna atakayeamini hakupewa kitu.

"Nimechoka, ndiyo," Sikudhani akasema. "Lakini nimesema mbele ya watu, na sheria mnaijua. Ifungueni leo hii, mshindi hajaondoka."

Sheria waliijua. Rekodi haifunguliwi kwa kusomwa kwenye kioo cha kompyuta, maana vioo navyo vilishawahi kuchezewa. Hufunguliwa kwa kuvaliwa. Daktari wa ulingo huvaa fulana ya jaji, raundi inarudiwa ndani yake, naye hutamka hadharani alichokisikia, chote, pamoja na cha kiafya, kwa sababu yeye ni daktari na hakula kiapo cha fulana. Alikula kiapo kingine.

Daktari Eliakunda alikuwa msichana wa Kipare mwenye nywele fupi, na hakuwahi kuvaa fulana maishani. Sikudhani alimsaidia kufunga mikanda. Alimvutia soksi juu mpaka magotini na kuzikagua visigino.

"Inauma, mama?" daktari akauliza.

"Utazoea. Kaa tu."

Watu waliokuwa mlangoni walirudi. Kitunguu, aliyekuwa ameshavaa suti yake ya mazoezi, akasimama katikati ya ukumbi na begi begani. Alipoona ni nani yuko kwenye kiti na nani amesimama kando yake, begi likashuka.

"Mama, hapana," akasema. "Bi Siku. Usinifanyie hivyo."

Mitambo ikawashwa. Eliakunda alishtuka, akashika mbavu, akatoa mguno, kisha akatulia, mapigo yakimpita na kumtikisa kichwa. Raundi nzima ilipita hivyo, watu wakimtazama binti aliyekaa peke yake kwenye kiti na kupigwa na hewa. Karibu na mwisho akainama ghafla, akashika mguu wake wa kushoto kwa mikono miwili, akaupapasa kama mtu aliyepoteza kitu gizani. Kisha akapigapiga utosi wake, taratibu, akatazama juu.

"Haikuwa ngumi," akasema, na sauti yake ikasikika mpaka kwenye ngazi. "Alikuwa ameshaanguka. Mguu ulikufa ganzi kwanza. Wote." Akamgeukia Kitunguu, na hapo alikuwa daktari tu. "Ndugu Ndaro, naomba ukae chini. Hutapigana tena. Nakupeleka hospitali leo, ukapigwe picha ya kichwa."

Yakafanyika yote kwa pamoja, na hayakuwa na mpangilio. Mshereheshaji akatangaza matokeo mapya, Kitunguu mshindi, majaji wawili kwa mmoja. Ukumbi ulilipuka kwa furaha, nusu yao hawakusikia yale ya mguu na nusu hawakutaka kuyasikia. Gombanila alikuja mwenyewe, akamnyanyua Kitunguu mkono juu, akamkumbatia. Mwenyekiti akamvua Sikudhani beji kifuani, akiwa ameinamisha macho. Hakuna aliyemzomea safari hii. Walikuwa wamemsahau.

Walimpandisha Kitunguu ulingoni ili apigwe picha na mkanda wa ushindi, mkanda mdogo wa Tanga uliokuwa umeandaliwa. Aliuvaa. Alisimama mwanga umemjaa usoni, mkono wa mshereheshaji ukiunyanyua wa kwake, mbele ya watu wote wa Makorora wakiliita jina lake, na hakuwa na furaha hata chembe. Aliposhuka alimpita kocha, akampita mkewe aliyekuwa analia kwa mchanganyiko wa furaha na hofu, akaja mpaka pale Sikudhani alipokuwa ameketi akikusanya soksi alizorudishiwa na daktari.

"Kwa nini hukuniuliza?" akamwambia.

Sikudhani akaikunja soksi ya kushoto juu ya goti lake.

"Ungekataa, Sele."

"Ndiyo," Kitunguu akasema. "Ningekataa."

Akasimama hapo kidogo, kama anayesubiri jibu jingine. Kisha daktari akamshika mkono, wakaondoka pamoja kuelekea mlangoni, yeye na mkanda wake kiunoni, mguu wa kulia mbele, halafu wa kushoto.